Matundu kwenye umbo la printa ya 3D
Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kwa nini tufe lako lililoundwa kwa pembetatu linaonekana zima kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D, ila printa inalitoa na matundu. Kwenye skrini unaona ngozi tu, printa inataka mwili. Kila ukingo, yaani mstari wa kukutania pembetatu, ushikwe na nyuso mbili: si moja, si tatu. Programu-jalizi ya 3D Print Toolbox itakuonyesha penye kasoro. Kisha lipe tufe unene kwa Solidify, zana ya Blender ya kunenepesha ngozi. Kwa plastiki, milimita 2 zinatosha kuanzia. Sehemu zinazoinama zaidi ya nyuzi 45 kutoka wima mara nyingi zitadai nguzo za kuzishikilia wakati wa kuchapa, na kusafisha alama zake ni kazi ya tupa na msasa. Hapo wachonga mpingo wa Mtwara watakucheka!