Mume anatoa choo chenye damu, anasema ni jaribu la Mungu

Dada, nimekuelewa: mumeo ni mvuvi wa Igombe, anatoa choo chenye damu, anakataa hospitali kwa sababu ya imani, na bado anajisaidia ziwani. Usibishane naye habari za Mungu na sayansi, mtakesha. Msomee 2 Wafalme 20: Hezekia aliomba, akasikiwa, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu.

Kisha mweleze kichocho, ugonjwa wa minyoo unaoweza kuleta damu chooni. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa majini, vijidudu hukulia ndani ya konokono, halafu hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Watoto wanaooga hapo mwaloni wanaweza kuugua kwa tendo lake, na hilo haliwezi kuitwa jaribu. Achimbe choo.

Aanze na kipimo cha choo zahanati, maana damu ina sababu nyingi. Kikiwa kichocho, dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, akiwa ameshiba, vinginevyo kichefuchefu kitamsumbua. Haiui minyoo michanga, hivyo mulizeni daktari kuhusu kurudia baada ya wiki kadhaa.

Akitapika damu au tumbo likijaa maji, mpelekeni hospitali ya Bugando, Mwanza, siku hiyohiyo. Mchungaji aje kumwombea wodini.