Majike wa farasi mini sio mbuzi: niliyoyapitia na Tausi na Shani

Mkuu uliyeuliza juu ya wale majike wawili wa farasi mini, hii aina ya farasi wadogo sana, nimesoma swali lako jana usiku nikalala nalo nikaamka nalo. Umesema uko Tennessee, mmenunua shamba la ekari 5 na mwenye shamba kawaachia majike wawili, mmoja ana mimba hamjui ya lini, binti yako wa miaka 9 keshawapa majina, na unataka kujua kama unaweza kuwatunza kama ulivyokuwa unatunza mbuzi kwenu Singida. Watu watatu wamekujibu ndio, nyasi si zipo, waachie tu. Naomba nikatae na nikatae kwa nguvu, maana mimi nilianza hivohivo na mwezi wa nne wa mwaka wa kwanza nilizika mtoto wa farasi nyuma ya banda.

Niko kusini mwa Missouri, nimeolewa huku, shamba ni la wakwe zangu. Babu yangu Kondoa alikuwa na punda wanne wa kubebea maji, kwaiyo baba mkwe alivyoleta majike wawili, Tausi na Shani, nikajiona nayajua haya mambo. Kumbe punda wa babu alikuwa anatembea kutwa nzima na madumu mgongoni, anakula makavu ya kiangazi, hana muda wa kunenepa. Hawa wa huku wanasimama kwenye majani mabichi kama wako mezani, hawabebi chochote, na miili yao imeumbwa kuishi kwa kidogo sana.

Tuanze na hilo la kula maana ndo linaloua wengi. Jike wa mini ana kilo 80 mpaka 120 hivi, chama cha farasi mini cha Marekani, AMHA, kinataka mkubwa asizidi inchi 34 kwenda juu, kama sentimita 86, yaani anakufika kiunoni. Nyasi kavu anahitaji kama asilimia moja na nusu ya uzito wake kwa siku, kwa jike wa kilo 100 ni kilo moja na nusu tu, mbili akiwa na baridi kali au anafanya kazi. Ukimwangalia kwa macho utaona unamnyima. Nunua mzani wa kuning'iniza, pima kila siku, usikadirie kwa mkono, mimi nilikadiria kwa mkono na Tausi akaota mafuta juu ya shingo chini ya zile nywele, ukishika panakuwa pagumu kama mpira. Ukiona shingo imekuwa ngumu hivo jua laminaitisi iko mlangoni. Ile nyama inayoshika mfupa ndani ya kwato inawaka moto, inaachia, mnyama anasimama miguu ya mbele kaisogeza mbele kama anaegemea nyuma, hataki kugeuka, ukishika kwato unasikia joto. Akifika hapo amekwisha kuumia na inaweza isirudi sawa maisha yake yote. Kwaiyo masika, mwezi wa nne na wa tano, majani yana sukari nyingi, wangu wanavaa kile kikapu cha mdomoni au wanakaa kwenye kiwanja cha changarawe na nyasi kavu, malishoni wanaenda saa chache za alfajiri. Na asubuhi zile za barafu juu ya majani siwatoi kabisa, sukari inakuwa imepanda.

Sasa hapa sikiliza vizuri, maana watu wakishasikia kanenepa wanakimbilia kumfungisha. USIMNYIME CHAKULA. Farasi mkubwa akikosa chakula anahimili zaidi, huyu mdogo, hasa jike mwenye mimba au anayenyonyesha, mwili unaanza kumwaga mafuta kwenye damu mengi kuliko ini linavyoweza kuyamudu, ukitoa damu ukaiacha itulie maji yake yanakuwa meupe kama maziwa. Inaitwa haipalipemia, inaua ndani ya siku chache. Kwaiyo kanuni ya kwangu ni moja, jike akiacha kula mlo mmoja namwangalia kwa makini, akiacha wa pili nampigia daktari wa mifugo saa hiyohiyo, iwe Jumapili iwe Krismasi. Kupunguza uzito ni pole pole, miezi, kwa nyasi kavu zilizopimwa na vitamini na madini yao, sio kwa njaa.

Na usije ukawapa chakula cha mbuzi. Hili nakuomba kabisa, najua duka la mifugo lipo karibu na mfuko wa mbuzi ni rahisi, lakini vyakula vingi vya mbuzi, ng'ombe na kuku huku vinawekwa dawa inaitwa monensini, kwa ng'ombe ni salama, kwa farasi inaua moyo. Kidogo tu kinatosha. Kama una kuku au mbuzi pia, mapipa yao yakae chumba kingine chenye mlango unaofungwa, sisi tulihamisha yote siku ileile daktari aliponiambia.

Haya, mimba. Ulisema haujui ni ya lini na hapo ndo nilipotetemeka. Huko kwenu Tennessee kama huku kwetu Missouri malisho karibu yote ni nyasi aina ya feskyu, ile mbegu ya Kentucky 31 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1943 ikaenea kila mahali. Ndani ya hilo jani kuna kuvu anaishi humo, humuoni kwa macho, jani linakuwa zuri la kijani. Kwa jike mwenye mimba wiki za mwisho huyo kuvu anafanya vitu vitatu: mimba inapitiliza siku, kondo linakuwa nene, na maziwa hayaji. Tausi alikuja kwetu aliyetuuzia kasema ana miezi sita tu, hakuna karatasi, tukamwacha malishoni mpaka mwisho. Kiwele hakikujaa. Mimi nikasema basi bado, nikaenda kulala. Alizaa saa tisa usiku peke yake, na nilivyofika asubuhi mtoto alikuwa bado ndani ya mfuko, mfuko mwekundu mnene.

Nimejifunza baadaye ule mfuko mwekundu maana yake nini. Kawaida kinachotangulia ni kifuko cheupe chembamba kama nailoni, ndani unaona kwato mbili, moja imetangulia kidogo, na pua juu yake. Kikija kitu chekundu kama zulia maana yake kondo limeshabanduka na mtoto hapati hewa tena, hapo hausubiri daktari, unachana kwa mkasi au kisu kwa uangalifu papo hapo na unamsaidia mtoto atoke. Una dakika tu. Nisingelala labda yule angekuwa hai, na mpaka leo nikipita nyuma ya banda nakumbuka.

Kwaiyo kitu cha kwanza mkuu, mtoe huyo jike kwenye feskyu leo. Sio wiki ijayo. Wanasema siku 60 mpaka 90 za mwisho asiguse, na kwa kuwa hauna tarehe chukulia ziko sasaivi. Mpe nyasi kavu za aina nyingine, timothi au orchadi, maana hata feskyu iliyokaushwa bado ina sumu ileile. Afu daktari aje ampime kwa utrasaundi akukadirie umri wa mimba. Farasi mkubwa hubeba kama siku 340, hawa wadogo mara nyingi wanawahi kidogo, Shani wangu amezaa mara tatu, siku ya 322, 327 na 331. Kama daktari anaona kuna hatari ya maziwa kutokuja ipo dawa anaweza kuandika, usichelewe kumwambia kwamba alikuwa kwenye feskyu.

Chanjo pia muulize. Majike wetu wanachanjwa kirusi cha herpesi mwezi wa tano, wa saba na wa tisa wa mimba maana kinatoa mimba, afu wiki 4 mpaka 6 kabla ya kuzaa wanapata za pepopunda, kichaa cha mbwa, homa za ubongo na kirusi cha West Nile ili kinga iingie kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza.

Siku zikikaribia lala karibu. Sisi tumefunga kamera bandani na simu inakaa kifuani kwangu. Kiwele kinaanza kujaa wiki mbili tatu kabla, nyama pembeni ya mkia zinalegea kama jeli, na kwenye chuchu yanatokea matone kama nta, hapo mara nyingi ni siku moja mbili zimebaki, ila wengine hawatoi nta kabisa. Mimi napima matone ya maziwa na vile vikaratasi vya pH jioni, ikishuka kufika 6.4 silali. Karibu wote wanazaa usiku.

Na hawa wadogo wanakwama kuliko wakubwa, watoto wao wana kichwa kikubwa na paji la mviringo wakati njia ni ndogo. Uchungu wenyewe ukianza maji yakamwagika, ndani ya nusu saa mtoto awe nje. Shani mara ya pili ilitoka kwato moja na pua, ile kwato nyingine haionekani. Daktari nilikuwa nimeshamwambia tangu jioni asizime simu, akaniambia msimamishe mtembeze pole pole asisukume, nikatembea nae mle bandani namwimbia nyimbo za bibi yangu Kirangi, mume wangu kashika tochi, daktari akafika akamrudisha mtoto ndani kidogo akanyoosha mguu uliokunjika. Mtoto alikuwa na kilo 9, jike, anaitwa Neema, sasaivi yuko malishoni pale naandika namwona dirishani.

Akishatoka hesabu hivi: ndani ya saa moja asimame, ndani ya saa mbili anyonye, ndani ya saa tatu kondo la nyuma liwe limetoka lote. Likibaki hata kipande usilivute kwa mkono, piga simu. Kitovu kichovye kwenye klorheksidini iliyopunguzwa makali. Dang'a ndo kila kitu, mtoto wa farasi anazaliwa hana kinga kabisa kwenye damu na utumbo wake unaifyonza masaa 24 ya kwanza tu, kwaiyo saa 18 mpaka 24 daktari achukue damu apime IgG, yaani kinga aliyoipata, tunataka iwe juu ya 800 mg/dL. Kama jike hana maziwa, uwe na mpango wa dang'a kabla, muulize daktari nani anayo ya kwenye friza.

Mengine kwa haraka. Kwato zinapunguzwa kila wiki 6 mpaka 8 na fundi anayejua wadogo. Meno yaangaliwe kila mwaka, yamebanana kwenye taya dogo. Dawa ya minyoo usimpe bomba zima, bomba moja la ivamektini limepimwa kwa farasi wa kilo kama 570, mpime uzito kwa utepe, na kabla ya dawa pima mavi. Uzio usiwe wa seng'enge ya miba, weka wavu wa matundu madogo mpaka chini, mtoto wa sentimita 50 anapita chini ya waya na mbwa wa jirani wanaingia hapohapo. Baridi wape maji ya uvuguvugu, wasipokunywa mavi yanakauka tumboni ndo kolik hiyo, maumivu makali ya tumbo.

Na kabla hamjafikiria kumpandisha tena, ng'oa nywele chache za mkia na mizizi yake peleka maabara ya jenetiki, ile ya chuo kikuu cha UC Davis kule California wanapima vinasaba vya udumavu. Jike anaweza kuonekana mzima kabisa kumbe anabeba kinasaba hicho, akikutana na dume anayebeba pia mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuzaliwa kilema, taya limepinda miguu imepinda, na aina nyingine mimba inatoka tu. Kama Tausi angekuwa anabeba nisingempandisha tena, hata watoto wangu walie vipi. Tulimpima, hana.

Kuhusu binti yako, mwache awapende. Mfundishe kuhesabu pumzi na kushika kwato kusikia joto kila asubuhi kabla ya shule, wangu ana miaka 11 na ndo yeye aliyegundua Shani kaacha kula mwaka juzi, kabla yangu.

Mpigie yule aliyewauzia shamba umuulize dume alikuwa na huyo jike kuanzia mwezi gani mpaka upi. Ukipata hata mwezi tu niandikie hapahapa, tuhesabu pamoja siku ya 300 inaangukia wapi.