Usikimbilie Luthuli: Skrini Ikiwa Nyeusi, Anza Hapa

Mwisho wa mwezi simu yangu haipumziki. Watu wamepata mshahara, wamenunua vipande vya kompyuta na kukesha wakiviunganisha, kisha inaingia picha ya kasha linalometameta taa za kila rangi, na chini yake maneno mafupi: "Fundi, haionyeshi kitu." Mimi si fundi wa duka. Ninawaunganishia majirani kompyuta hapa Umoja, Nairobi, kwa sababu napenda kazi hiyo, na malipo yakija siyakatai. Lakini nimeona skrini nyeusi za kutosha kujua kwamba kadi ya grafiki (kipande kinachotengeneza picha), ambayo kila mtu huilaumu kwanza, mara nyingi haina kosa. Mwenyewe anapanda matatu hadi Luthuli Avenue, ananunua kadi nyingine, anarudi nyumbani, na giza ni lilelile.

Maji yakikosekana kwenye mfereji wa jikoni, huanzi kwa kununua mfereji mpya. Unaangalia tangi, unaangalia bomba, unauliza kama jirani anayo. Picha nayo ina njia yake: inatoka kwenye prosesa (ubongo wa kompyuta) na RAM (kumbukumbu yake ya muda), inapita kwenye kadi, inaingia kwenye kebo, inafika kwenye monita. Kazi yako ni kutafuta mahali ilipokwamia. Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, tazama vizuri. Je, monita inaandika kwamba haipati mawasiliano, au haina hata taa? Je, nembo ya kampuni ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta) hutokea halafu giza linaingia Windows inapofunguka? Hayo ni magonjwa tofauti kabisa, na dawa ya moja haitibu jingine.

Anza na monita kwa kuwa haihitaji kufunguliwa. Bonyeza kitufe chake cha menyu. Menyu ikitokea, monita ni nzima. Hakikisha tu kwamba umechagua tundu ulilochomeka, kwa maana monita yenye HDMI mbili na DisplayPort moja inaweza kuwa inasubiri mlango usio na mgeni. Menyu isipotokea na taa ya umeme inawaka, zima taa za chumbani na umulike skrini kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Ukiona picha hafifu kama kivuli, kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya skrini, na kompyuta yako haina hatia yoyote.

Sasa geuza kasha utazame nyuma. Kosa ninalolikuta kuliko yote ni kebo kuchomekwa kwenye bodi badala ya kadi. Matundu ya madabodi yapo juu, jirani na USB. Ya kadi yapo chini yake na yamelala upande. Ukiwa na kadi, kebo inaingia kwenye kadi, basi. Binamu yangu alinunua Ryzen 5 5600, akachomeka kebo juu, akaniambia bodi ni mbovu. Prosesa hiyo haina grafiki ndani yake; yenye grafiki ni 5600G. Kwa Intel, herufi ya kuogopa ni F: Core i5-12400 hutoa picha bila kadi, i5-12400F haitoi kamwe. Wauzaji wengi hawakuelezi jambo hili, kwa kuwa ya F ni nafuu na hutoka haraka. Kama unapanga kununua prosesa sasa na kadi baadaye, hiyo tofauti ndogo ya bei ilipe tu.

Kadi nyingi zinahitaji pia kebo yao ya umeme. Tundu la bodi peke yake hutoa wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza 75 nyingine, ya pini 8 huongeza 150. Isipochomekwa, feni zinaweza kuzunguka vizuri na picha isije. Tahadhari moja ambayo ni ya pesa nyingi: plagi ya pini 8 ya prosesa inafanana na ya kadi lakini nyaya zake zimepangwa tofauti. Ikikataa kuingia, usiisukume. Na kama pawa saplai yako (kisanduku cha umeme ndani ya kasha) ni ile ya kuchomoa nyaya, usitumie nyaya za pawa saplai nyingine hata kama zinaingia. Mpangilio wa upande wa pawa saplai haufanani kati ya aina moja na nyingine, na hapo ndipo vitu huungua.

Tukifika kwenye RAM, ndipo napenda kukaa, maana hapa ndipo giza jingi huzaliwa. RAM isipokaa sawasawa, kompyuta haifiki hata hatua ya kutengeneza picha. Feni zinazunguka, taa zinacheza, mtu anaapa kwamba kadi imekufa. Chomoa kompyuta ukutani, toa vipande vyote vya RAM, kisha rudisha kimoja tu. Kwenye bodi zenye matundu manne, kipande kimoja kwa kawaida hukaa tundu la pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Viwili hukaa la pili na la nne. Sukuma mpaka usikie klipu ikilia. Vijana wengi huogopa kusukuma, na RAM hubaki imeinama upande mmoja, kiasi kwamba bila kumulika huwezi kuona. Ikiwa ni ya mtumba, pangusa meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, upulize unga wake, ndipo uirudishe. Vumbi la mitaa yetu isiyo na lami halina huruma kwa vitu vya kuchomeka. Jaribu kipande hiki, kisha kile, kila kimoja peke yake.

Bodi nyingi za kisasa zitakusaidia kupeleleza. Ukingoni, mara nyingi karibu na RAM, kuna vitaa vinne vidogo vilivyoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi) na BOOT (kuanza kwa Windows). Ukiwasha kompyuta huwaka kimoja baada ya kingine, na kinachobaki kimewaka ndicho kinachokuonyesha ukaguzi ulipokwamia. Kikibaki cha DRAM, rudi kwenye RAM. Kikibaki cha VGA, hapo sasa unaweza kuanza kuishuku kadi au kebo. Kikibaki cha BOOT, kompyuta inakosa mahali pa kusoma Windows, na kwa kawaida picha utakuwa nayo.

Halafu kuna subira. Kompyuta mpya zenye RAM ya DDR5, hasa Ryzen za tundu la AM5, mara ya kwanza huipima RAM kwa dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi tii. Kijana mmoja wa Kayole, anayehariri video za harusi, alikuwa akizima na kuwasha kila baada ya dakika moja, na kila akizima, upimaji unaanza upya. Nilimwambia aiwashe, aende akanunue chapati, arudi. Alirudi akakuta imefunguka.

Ikiwa vyote vimekaa sawa na bado hakuna kitu, fikiria BIOS, ile programu ndogo ndani ya bodi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Bodi ya B450 iliyokaa rafuni tangu kabla ya Ryzen za mfululizo wa 5000 kutoka haizijui prosesa hizo hadi isasishwe. Baadhi ya bodi zina kitufe cha kusasisha kwa flashi ya USB iliyofomatiwa FAT32 bila prosesa kufanya kazi. Kama yako haina, mwombe muuzaji aisasishe kabla hujalipa. Pia mtu akiongeza kasi ya RAM kupita uwezo, kompyuta hukataa kuonyesha chochote. Dawa yake ni kufuta mipangilio: chomoa umeme, toa ile betri ya duara inayoitwa CR2032, ngoja dakika chache, irudishe. Ikiwa bodi ni kuukuu, weka betri mpya kabisa, haina bei ya kumsumbua mtu. Hufanya hivi pia stima ikipotea na kurudi kwa kishindo na kompyuta ikawa bubu. Kabla ya kutoa betri, chomoa kwanza, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki utoke, ndipo uchomeke tena. Wakati mwingine hiyo tu inatosha.

Kwa kadi za mtumba nina maoni yangu, na wauzaji wengine hawayapendi. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa (kutengenezwa kwa hesabu za kompyuta) kwa kadi za grafiki mnamo Septemba 2022, kadi za wachimbaji zilimwagika sokoni duniani kote, na nyingi zilifika huku kwetu. Kuchimba si dhambi, kuna kadi zilizochimba zikabaki imara. Tatizo ni kwamba nyingine, hasa RX 580, zilibadilishiwa BIOS yao wenyewe, ya ndani ya kadi, ili zichimbe zaidi. Kadi kama hiyo inaweza kuonyesha nembo vizuri kisha ikazimika draiva (programu inayoiendesha kadi) ikiingia. Baadhi zina swichi ndogo ubavuni ya kuhamia BIOS ya pili. Ijaribu kabla hujakata tamaa. Na ukiona vidoti au mistari ya rangi hata ndani ya BIOS, kabla Windows haijaingia, usipoteze usiku mzima kwenye draiva, kwa sababu hapo kilichoharibika ni chuma chenyewe au kebo. Kadi za zamani sana nazo zina lao: kwenye bodi mpya iliyozimwa CSM (mpangilio wa BIOS wa kukubali vifaa vya zamani), zinaweza zisionyeshe kitu mpaka uiwashe, na ili uiwashe huenda ukahitaji kuazima kadi nyingine.

Picha ikipotea Windows inapofunguka, kisa ni chepesi zaidi. Ingia kwa hali salama (Safe Mode), ondoa draiva kwa programu ya kufutia draiva iitwayo DDU, kisha weka mpya kutoka kwenye tovuti ya aliyetengeneza kadi. Ikiwa skrini imeganda tu katikati ya kazi, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya grafiki huanzishwa upya bila kupoteza faili zako. Monita ya hezi 144 (inayobadili picha mara 144 kwa sekunde) ikikwama kwenye 60, angalia mipangilio ya skrini kwanza, kisha kebo na tundu ulilotumia. DisplayPort huwa haina maswali mengi.

Wenye monita za zamani za tundu la VGA wanajua shida yao. Kadi za sasa hazitoi tena mawimbi ya VGA, kwa hiyo waya mtupu wenye HDMI huku na VGA kule haufai kitu. Unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani, na kinafanya kazi upande mmoja tu, kutoka HDMI kwenda VGA. Anayetumia televisheni sebuleni, akiona kingo za picha zimekatwa, atafute kwenye menyu ya televisheni mpangilio wa ukubwa wa picha achague ule usiokuza.

Ukishindwa kabisa, sasa nenda mjini. Lakini usipande matatu na kadi ikiwa ndani ya kasha. Matuta ya Jogoo Road yameshang'oa kadi nzito kutoka kwenye tundu lake, na mtu akafika dukani na ugonjwa wa pili. Fungua skrubu, toa kadi, ifunge kwenye boksi lake au ndani ya nguo laini, uipakate. Monita iache nyumbani, fundi anayo yake ya kujaribia. Kebo yako usiiache: mwambie ajaribu kwanza kwa hiyo, kisha kwa yake, ukiwa umesimama hapo ukitazama.