Usiku wa pili ndio wa kuogopa

Kuku 11. Jumamosi jioni nilifunga banda wakiwa 15, Jumapili asubuhi nikakuta 4 wamebanana juu kabisa ya kichanja, hata pumba nilipomwaga hawakushuka. Mtetea mmoja alikuwa analalia mayai. Mayai yalibaki, yeye hayupo.

Tunaishi Nala, barabara ya Singida, tangu 2017 ofisi ilipohamishiwa Dodoma. Wakati ule nyumba yetu ilikuwa ya mwisho, nyuma yake vichaka vya miiba mpaka korongoni. Siku hizi viwanja vimejaa, lakini korongo lipo palepale, na wanyama waliokuwa wakiishi humo hawakulipwa fidia. Fundi aliyenijengea banda aliligonga bati kwa kiganja akaniambia, "Mama, hapa hata chui hapiti." Labda hakudanganya. Aliyekuja hakupita kwenye bati.

Mimi nilianza kumtukana kicheche. Huku kuku akifa usiku, mshtakiwa wa kwanza ni kicheche. Mzee jirani, Mgogo mzaliwa wa hapahapa, alikuja na fimbo yake, wala hakuangalia mizoga. Aliangalia chini. "Mwanangu, njoo huku." Chini ya wavu palikuwa na shimo la upana wa sinia, udongo umerushiwa nyuma, na kwenye vumbi nyayo kama za mbwa mdogo, alama za kucha zinaonekana. Paka hutembea kaficha kucha, nyayo zake hazina alama hizo. Tena kuku 7 hawakuwepo kabisa, na manyoya yalidondoka kwa mstari kuelekea korongoni. Kicheche mzigo huo angeuwezea wapi? Mbweha, akasema mzee, na huenda ni wawili, maana dume na jike wake hupenda kwenda pamoja.

Sasa sikiliza kosa langu, maana kuku nilikuwa nimeshawapoteza, ila hili ningeweza kuliepuka. Mizoga 4 iliyobaki niliifukia nyuma ya banda, kwenye kishimo kisichofika hata magotini, nikaziba lile tundu kwa tofali mbili, nikaenda kanisani. Nilijiambia mbweha ameshiba, hatarudi wiki hii. Ndugu yangu, mnyama aliyepata chakula mahali anarudi palepale, tena mapema kuliko jana. Saa nne usiku tulisikia mbwa wetu Simba anabweka, halafu akanyamaza ghafla, halafu ukaja ule mlio wa mbwa anayeumia. Nilitoka na tochi. Mizoga ilikuwa imefukuliwa, na Simba amesimama katikati ya manyoya, pua imechanika, damu inadondoka.

Nilimshika mdomo kwa mikono mitupu nikamfuta na kanga. Kesho yake bwana mifugo aliponiuliza nilimwoshaje, nikamweleza, akanitazama kwa muda bila kusema neno. Mbweha anaambukizwa kichaa cha mbwa kama mbwa mwenyewe, na ugonjwa hukaa kwenye mate. Akauliza kama nina mchubuko wowote mkononi. Sikuwa nao, namshukuru Mungu. Ukiwa nao, au ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Usingoje kuona dalili, kwa sababu dalili zikishaanza hakuna tiba.

Kadi ya Simba ilionyesha chanjo ya mwisho imepitiliza miezi minne. Nilikuwa nasema nitampeleka, nitampeleka. Alichomwa ya kuongeza kinga palepale, nikaambiwa nimfunge siku 45, asichangamane na watoto wala paka, na akibadilika tabia nipige simu. Paka naye akachanjwa siku hiyo. Yeye hakuna aliyekuwa amemfikiria kabisa. Kwa hiyo kama umeingiliwa leo, kabla hujamtafuta fundi, tafuta kadi za chanjo.

Banda nililirekebisha hivi. Ule wavu mwembamba wa matundu makubwa unamzuia kuku asitoke tu, meno unayakubali. Nimeuacha juu, chini nikafunga wavu mgumu wa kuchomelea, matundu yake hata kidole gumba kinapita kwa shida. Sehemu iliyonisaidia kuliko zote ni ile niliyoiona kama upuuzi: wavu haukuishia ardhini, tuliukunja ukalala chini kuelekea nje kama hatua moja, tukaupigilia vigingi na kuufunika mawe. Mbweha huchimba pale anapogusana na ukuta. Akianza kuchimba anakuta waya, na akili ya kurudi nyuma hatua moja hana, angalau wa kwetu hana. Mlango una komeo mbili. Mzee akaongeza miiba ya migunga kuzunguka kote, kama boma la mbuzi, na hiyo haikunigharimu senti.

Taa ya sola niliifunga pia. Wiki ya kwanza ilimtisha, ya tatu nikaona nyayo zake chini ya taa yenyewe. Nyayo nazijua kwa sababu kila jioni namwaga majivu mbele ya banda, asubuhi nasoma nani alipita.

Wengine walinishauri sumu kwenye nyama. Sikutaka. Sumu hailijui jina la mbweha. Itaokotwa na mbwa wa jirani, au mtoto. Halafu mnyamapori ni mali ya taifa, huwezi kujiamulia tu. Mizoga siku hizi naizika mbali, shimo la kufika kiunoni, mawe juu.

Na sungura wa watoto, waliokuwa kwenye sanduku la mbao barazani, nimewahamishia stoo kila ikifika saa kumi na mbili jioni. Hapo tunagombana kila siku nani zamu yake, maana wanakojoa kwenye magunia ya mahindi.

Simba alimaliza siku zake 45 akiwa mzima, amenenepa kwa kukaa tu. Nilipomfungua nilidhani atakimbilia getini. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya banda, akanusa pale palipokuwa na shimo, akainua mguu akakojoa juu ya mawe, kisha akalala hapohapo mpaka jioni.