Jibu: "issue" ni suala, tatizo au toleo?

Ndugu muulizaji, umesema kamusi imekupa "toleo", ilhali sentensi yako ni "We need to discuss this issue", na sasa hujui ushike lipi. Hapo ni suala au hoja, na kisawe chake ni "matter". Toleo huja pale panapotajwa gazeti, jarida au stempu.

Tazama kwanza maneno jirani. Likifuatwa na pasipoti, kibali au hati, aghalabu ni kitenzi: kutoa rasmi. "Take issue with" ni kupinga. Siku hizi "issue" hutumika pia kwa tatizo, kwa upole kuliko "problem". Mafundi wa kompyuta hulipenda sana.

Visawe usivipachike ovyo. "Edition" hufaa kitabu kilichohaririwa upya, lakini jarida la mwezi Machi ni "issue" ya Machi.

Penye hatari hasa ni wosia. "Died without issue" maana yake alifariki bila kuacha kizazi, yaani hakuna mtoto wala mjukuu, na mirathi yote inaweza kugeukia hapo. Hati ya namna hiyo mpelekee wakili kabla hujatia saini.