Sijasomea kuchora, nitaombaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya kilimo cha bustani kutoka Sokoine, Morogoro, na sasa nimerudi nyumbani Mikindani. Natamani kuomba uzamili wa usanifu wa mandhari Marekani, lakini vyuo vinataka potifolio, yaani mkusanyo wa kazi za kuchora, nami sijawahi kusomea kuchora. Nijifunze kwanza programu za kompyuta, au niachane nayo?
Binti wa Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiachane nayo. Kule, wenye shahada ya fani hii husoma kama miaka 2, na vyuo vingi vina njia ya miaka 3 kwa waliotoka fani nyingine. Njia hiyo ni yako, na kuujua udongo na mimea ni mtaji mkubwa.

Kompyuta utafundishwa hukohuko. Wanachotaka kuona sasa ni jicho lako. Mimi nilipoomba mara ya kwanza nilijaza bustani za kupendeza nilizozitengeneza kwenye kompyuta, wala hakuna hata moja niliyowahi kuikanyaga. Nikakataliwa, na iliniuma. Mwaka uliofuata nilishinda Shangani chini ya mvinje mmoja, daftari mapajani, nikichora wauza samaki wanavyofuata kivuli: asubuhi mabeseni yako magharibi ya mti, alasiri yote yamehamia mashariki. Mistari imepinda, karatasi ina doa la chumvi. Kwenye usaili waliniuliza habari za ukurasa huo tu.

Wewe una ghuba mlangoni. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua likijaa, piga kigingi pale maji yanapokomea. Wiki moja baadaye, maji mafu, piga kingine. Funga kamba mafundo kila nusu mita, upime kutoka majini, upite kwenye mikoko, uvuke barabara, mpaka kizingiti cha nyumba, kisha uchore mkato wa njia hiyo yote, yaani ardhi ionekane kwa ubavu kana kwamba imekatwa kwa kisu. Andika kila mti ulioukuta, na jina wanalouita wazee wa hapo. Halafu pendekeza badiliko moja tu, labda mahali pa kupumzikia wavuvi, au mfereji wa maji ya mvua. Michoro ya mwanzo uliyoifutafuta usiitupe, iweke humohumo. Ndiyo inayoonyesha unavyofikiri.

Barua yako ya kujieleza nayo ianzie kwenye kigingi hicho, si kwenye "tangu utotoni napenda mazingira".

Walimu wako wa Morogoro waombe barua mapema, maana vyuo vingi hufunga maombi Desemba au Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba. Kabla hujalipa ada ya maombi, iandikie ofisi ya udahili uombe msamaha wa ada hiyo. Vipo vyuo vinavyoutoa. Ufadhili uulizie papo hapo, usisubiri kukubaliwa.

Mkato wa kwanza ukikamilika, upige picha uniletee kabla hujausafisha.