Maswali ya Wasomaji: Kelele za Malori na Uwanja wa Nyasi

SWALI: Nyumba yetu iko Miritini, mita 40 hivi kutoka barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, na malori ya makontena hupita usiku kucha. Mama yangu mzazi ni mgonjwa na hapati usingizi. Mume wangu anataka kung'oa nyasi zote, atandike kabro uwanja mzima, kisha apande mstari mmoja wa mivinje kando ya barabara ili uzuie kelele. Je, miti hiyo itatosha?

JIBU: Dada yetu, pole kwa kuuguza. Tunakusihi umwombe shemeji yetu aahirishe hiyo kabro, kwani kinachowasaidia hivi sasa bila ninyi kutambua ni zile nyasi anazotaka kuzing'oa.

Sauti ya gari hufika dirishani kwa njia mbili: nyingine huja moja kwa moja, na nyingine hugonga ardhi kwanza ndipo ikaruka. Ikigonga lami, saruji au kabro hurudi na nguvu zake karibu zote, lakini udongo laini una vitundu vingi vya hewa ambavyo huimeza sehemu yake, na ile inayobaki hurudi ikiwa imegeuka kiasi cha kuipunguza nguvu ile iliyokuja moja kwa moja. Kwa barabara yenye magari mengi, kila umbali unapoongezeka maradufu kelele hupungua kwa desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 3 hivi juu ya sakafu ngumu, na kwa desibeli 4.5 hivi juu ya ardhi laini yenye nyasi. Kutoka mita 10 hadi mita 40, yaani maradufu mara mbili, basi, kabro itawapunguzia desibeli 6 na nyasi 9. Tofauti hiyo ya desibeli 3 inaweza kuonekana ndogo, lakini ni sawa na kuondoa nusu ya magari barabarani.

Mstari mmoja wa mivinje hautawafaa sana, kwa kuwa majani yake ni membamba na sauti hupenya katikati ya mashina. Ili miti na vichaka vipunguze desibeli 5 hivi, huhitajika ukanda wa upana wa mita 30, uliosongamana kiasi kwamba mtu haoni upande wa pili. Hata hivyo hatusemi msipande, kwa maana faida kubwa ya mti iko chini yake, ambako mizizi hulegeza udongo na majani yaliyoanguka huufunika. Aliyetembelea machimbo ya zamani ya mawe ya kutengenezea saruji kule Bamburi, ambako Rene Haller alianza kupanda mivinje mwaka 1971, ameona jinsi mwamba mtupu wa matumbawe ulivyopata udongo, kwa msaada wa majongoo waliokula majani makavu ya miti hiyo.

Mngurumo mzito wa injini ya trela hautapungua sana kwa nyasi, na anayelala ghorofani hufaidika kidogo mno, kwa kuwa sauti humfikia kwa juu bila kupita karibu na ardhi. Kama chumba cha mama kiko juu au kinatazama barabara, mhamishieni cha chini, upande wa nyuma. Fedha za kabro zingefaa zaidi kujengea ukuta wa mawe ya matumbawe usio na matundu, mrefu kiasi cha kuyaficha malori yasionekane kutoka dirishani kwake.

Kuhusu uwanja wenyewe, mwageni kikombe cha maji penye nyasi na kingine pale mnapoegesha gari. Maji yakituama, udongo umeshindiliwa, na sauti nayo itaruka hapo kama inavyoruka kwenye saruji. Utifueni kwa jembe kabla ya masika, mchanganye na mboji, mpande ukoka, na gari liegeshwe kwingine.